Re: Sikio linapiga mluzi usiku, silali

Pole sana ndugu, huo mluzi wa usiku nauelewa. Tatizo ni ukimya wa chumba, sikio likikosa cha kusikiliza linaung'ang'ania huo mluzi tu, so washa feni au redio sauti ya chini, iwe chini kidogo ya mluzi wenyewe, usiufunike kabisa maana ubongo unatakiwa uuzoee mpaka uupuuze. Pamba za masikio achana nazo, zinasukuma nta ndani na nta ikiziba nayo inaleta kelele. Hedifoni punguza sauti. Ila kama ni sikio moja tu au linadunda pamoja na mapigo ya moyo kamwone daktari wa masikio, na usikivu ukishuka ghafla nenda siku hiyohiyo, usisubiri.