Plasta nene haizuii nguzo kuvunjika wakati wa tetemeko

SWALI: Familia yetu imerithi jengo la zege la ghorofa tatu mjini Moshi, lililojengwa miaka ya 1970. Chini kuna maduka, juu wanaishi wapangaji. Fundi ameshauri tupige plasta nene ya saruji kwenye nguzo zote ili zihimili tetemeko. Je, inatosha?

JIBU: Ndugu msomaji, haitoshi, na ninawasihi msitumie fedha zenu kwa kazi hiyo. Uhai wa nguzo wakati wa tetemeko hutegemea sana ringi zinazofunga nondo zake kubwa. Katika majengo mengi ya miaka hiyo ringi ziliachana mno na ncha zake zilikunjwa kwa nyuzi 90 tu, kwa hiyo zege la nje likishabanduka, ringi hufunguka, nondo hupinda kuelekea nje na nguzo hushindwa kubeba mzigo wa juu. Plasta ni sehemu ya hilo ganda la kwanza kudondoka.

Maduka yanaongeza hatari, kwa sababu juu kuna kuta za tofali zinazolikaza jengo ilhali chini kumeachwa wazi, na myumbo karibu wote huishia kwenye nguzo za chini. Hospitali ya Olive View huko California ilikuwa mpya kabisa ilipopigwa na tetemeko la tarehe 9 Februari 1971, lakini ghorofa zake za chini zilipinda vibaya hadi ikalazimika kubomolewa.

Mwiteni mhandisi wa miundo aliyesajiliwa. Abandue zege la nguzo moja au mbili, apime nafasi kati ya ringi, akague kutu na apime nguvu ya zege lenyewe. Kwa kawaida nguzo dhaifu huchongwa uso uwe na makwaruzo, huzungushiwa nondo mpya zinazopenya sakafu pamoja na ringi za karibu karibu zenye ncha za nyuzi 135, kisha humwagiwa zege jipya. Msiimarishe nguzo moja peke yake, maana iliyo ngumu kuliko wenzake huvuta nguvu nyingi zaidi. Kwa jengo lenu ningependelea pia kuta mbili za zege kutoka msingi hadi juu, zikipangwa kwa ulinganifu ili jengo lisijizungushe, baada ya msingi kuthibitishwa kuwa utazibeba.

Wakati mnajipanga, msiongeze matangi ya maji juu ya paa, wala msimruhusu mpangaji yeyote kubomoa ukuta ili kupanua duka.