Weka 25, si 30

Ndugu, umeuliza kamera yako mpya uiweke fremu (picha) 25 au 30 kwa sekunde, na kwa nini taa za ukumbi wa harusi pale Kisumu zinapepesa kwenye video. Maswali mawili, jibu moja: 25.

Umeme wetu Kenya ni hezi 50, kwa hiyo taa za tyubu na LED za bei nafuu hupiga mara 100 kwa sekunde. Shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia kwa kila fremu, ya 1/60 ya sekunde haiendi sambamba na mapigo hayo, ndiyo maana unaona mistari. Weka 1/50. Usipoiona 25 kwenye menyu, kamera huenda iko NTSC, mfumo wa Marekani. Ibadilishe iwe PAL, mfumo wa fremu 25.

Nje, jua la saa saba pale Dunga litakushawishi upandishe shata ili kupunguza mwanga. Mimi nilipandisha hadi 1/1000, wachezaji wakaonekana kama katuni inayokatika. Bibi harusi hakucheka. Nunua kichujio cha ND, kioo cheusi cha kuweka mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga, ubaki na 1/50.

4K, ile video ya picha kubwa zaidi? Kama kompyuta yako inahema ukifungua klipu mbili tu, rekodi 1080, iliyo nyepesi zaidi. Wateja wengi wataitazama kwenye simu hata hivyo.

Kwenye kuhariri, fungua mradi wa fremu 25 kabla ya kuingiza chochote. Kanda zako za zamani za MiniDV, kama ni za PAL, zina fremu 25 pia, kwa hiyo mwendo utalingana. Ondoa tu ile mistari ya intaleisi, inayotokea kwa kuwa kila fremu ya kanda imegawanywa nusu mbili.