Mnyororo wa winchi umekatika: tusiguse nini?

SWALI: Mnyororo wa winchi karakanani kwetu ulikatika, mzigo ukamvunja mwenzetu mguu. Bosi anataka tufunge mnyororo mpya na kuosha sakafu ili kazi iendelee kesho. Mimi ni msimamizi wa zamu. Nimkatalie?

JIBU: Mkatalie. Katika nchi nyingi sheria inakataza kuvuruga eneo la ajali kubwa kabla mkaguzi hajaruhusu, isipokuwa kwa kumwokoa majeruhi au kuondoa hatari iliyobaki. Mzigo ukiwa bado unaning'inia, ushushwe au uegemezwe, lakini piga picha kwanza na uandike nani aligusa nini, saa ngapi. Vilevile swichi kuu: piga picha ya vitufe vyote kama vilivyo, ndipo uizime na kuifunga kwa kufuli. Asiwepo wa "kuijaribu kidogo tu" kuona kama winchi inafanya kazi.

Sasa pete ya mnyororo iliyokatika. Usizikutanishe nusu zake mbili kuona kama zinaingiana. Karibu kila fundi hufanya hivyo, na ndivyo ushahidi unavyosagika. Pale ilipokatika ndipo penye habari. Chuma kilichochoka polepole huacha mistari kama alama za maji kupwa ufukweni. Kilichozidiwa uzito kwa ghafla mara nyingi hunyooka na kuwa chembamba kabla ya kukatika. Kutu ndani ya ufa huashiria kwamba ufa ulikuwapo kabla ya siku ile. Kwa hiyo usipitishe brashi ya waya, usifute, usiguse kwa vidole. Kila kipande kifungwe peke yake kwa karatasi kavu, kiwe na lebo, kiingie kwenye kisanduku chenye vifuko vya kunyonya unyevu.

Mnyororo uliobaki, ndoano na kibati cha uzito unaoruhusiwa navyo vitunzwe: mkaguzi atapima kama pete nyingine zimerefuka. Kila kitu kikihama mkono, anayetoa na anayepokea watie sahihi. Kabla ya kuhamisha chochote, piga picha kutoka mbali, wastani na karibu, rula ikionekana, kisha pima umbali kutoka nguzo mbili zisizohama.

Ushahidi wa watu nao hupotea: kila aliyeona aandike yake peke yake, leo, kabla hawajakaa pamoja kuisimulia ajali.

SWALI: Kamera zetu zilinasa ajali. Video nimeirekodi kwa simu kutoka kwenye skrini. Inatosha?

JIBU: Hapana. Nakili faili halisi kutoka kwenye mashine ya kurekodia, kuanzia saa moja kabla ya ajali, leo hii, maana diski ikijaa mashine huandika juu ya picha za zamani. Linganisha pia saa ya kamera na saa sahihi, uandike tofauti. Kamera iliyo nyuma dakika 7 inaweza kumfanya mtu aonekane alibonyeza kitufe kabla hajafika.