Foleni ya Wanyama kwa Watu Wawili: Maswali Yenu

Tangu niutaje mchezo wa Beasty Bar, maswali hayajakatika, mengi kutoka Pemba. Kwa wageni: ni karata za Kijerumani, kazi ya Stefan Kloß, zilizotolewa na Zoch mwaka 2014 kwa wachezaji wawili hadi wanne. Kila mtu ana wanyama 12 wa rangi yake, anashika wanne mkononi. Kwa zamu, unamweka mmoja nyuma ya foleni, anafanya vituko vyake, unavuta mwingine. Foleni ikifika watano, wawili wa mbele wanaingia ndani na wa mwisho anafukuzwa. Mwenye wengi ndani ndiye mshindi.

Nipo Wete, nyumbani ni mimi na mume wangu tu. Utanoga, au tungoje wageni?

Utanoga, bibie, na kwangu mimi wawili ndio utamu wake. Mkiwa wanne, foleni inavurugwa mara tatu kabla zamu haijakurudia, na ukimfukuza mnyama wa mmoja, wengine wawili wanafaidika bure. Mkiwa wawili kila pigo lina mwenyewe. Tena nyote mna wanyama walewale, kwa hiyo mnaweza kuhesabu: kasuku wake ameshuka? Mamba je? Aliyezoea turufu barazani anaijua hesabu hiyo.

Mtazame simba. Anakwenda mbele moja kwa moja na kima wote wanatimka. Lakini akimkuta simba mwenzake foleni, yeye aliyechelewa ndiye anayeondoka. Basi utamshusha mapema? Ukimshusha foleni ikiwa tupu, atakaa pale akingoja wafike watano, na kasuku mwenye namba 2 anatosha kumfukuza. Sili naye hugeuza foleni, wa mbele akawa wa nyuma. Kima ana kisa kingine: peke yake hana nguvu, ila akija wa pili, viboko na mamba wote wanatupwa nje, naye anakaa mbele, mwenziwe nyuma yake. Kila mmoja wenu ana kima mmoja tu, kwa hiyo mnategeana nani atangulize wake. Mtaangaliana machoni hapo!

Mama mkwe anaishi nasi, na nasikia wanyama hao wanagombea kuingia baa. Nifanye nini?

Ni kweli, mlango ule ni wa baa, na mzee akikataa ana haki yake. Lakini kanuni hazina haja na baa. Nyumbani kwetu ile ni foleni ya boti la Pemba pale bandarini Malindi, Unguja: wawili wanapanda, mmoja anarudishwa. Mzee mmoja wa kwetu alipoelezwa hivyo aliomba apewe kiboko, maana kiboko hupenya akiwasukuma wanyonge mpaka azuiwe na punda milia au mwenye nguvu kama zake au zaidi. Na msiweke dau, hata la soda.

Madukani Chake sijaziona. Naweza kuujaribu kwanza bila kuzinunua?

Unaweza, ndugu yangu, na karata za kawaida zinatosha. Chukua shupaza zote uwe nazo wewe, kopa zote mpe mwenzio, mtoe mfalme kila upande. Zinabaki 12, sawasawa na wanyama. Ree ni kicheche, 2 kasuku, 3 kangaruu, 4 kima, 5 kinyonga, 6 sili, 7 punda milia, 8 twiga, 9 nyoka, 10 mamba. Jeki awe kiboko, malkia awe simba. Andikeni vituko vya kila mnyama kwenye karatasi na muiweke katikati. Kinachosahaulika sana ni kwamba twiga, kiboko na mamba hawafanyi kituko mara moja tu: maadamu wamo foleni, kila zamu wanajaribu tena kusonga mbele, na mamba anawala wanyonge walio mbele yake. Punda milia ndiye anayemzuia.

Mwanangu ana miaka saba. Ataweza?

Boksi linasema minane, lakini wa saba anayejua namba ataweza. Mkono wa kwanza chezeni karata zikiwa wazi, na kinyonga, anayeiga mnyama mwingine aliyemo foleni, mtoeni kwa pande zote mbili mpaka mtoto awazoee wanyama wengine.