Minyororo ya mpira si kramponi: kwa mnaotaka kupanda Ben Nevis Februari

Mkuu, usilipie hiyo minyororo. Kama umeshalipia, ibaki ya kwendea dukani siku ambayo vijia vya Glasgow vimeganda, maana kazi yake ni hiyo. Si kramponi, yale meno ya chuma ya kufunga chini ya buti za mlimani.

Umeandika kwamba mko wanne, mnataka kupanda Ben Nevis, ule mlima wa Uskoti, wikiendi ya katikati ya Februari, wawili wenu mlishafika Uhuru, buti ni zile zile za Kilimanjaro, na mmeona mtandaoni minyororo ya kuvalisha chini ya kiatu kwa pauni 20. Ukauliza basi la kutoka Glasgow, malazi Fort William, mji ulio chini ya mlima, saa za kupanda, na kama minyororo hiyo inatosha. Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo linaloua watu.

Haitoshi. Hiyo minyororo ni mpira unaovutwa kuzunguka kiatu, na chini yake vipande vya chuma vyenye meno mafupi ya sentimita moja hivi. Kwenye njia tambarare iliyoganda inashika vizuri, sikatai. Tatizo linaanza njia inapokata ubavu wa mlima. Hapo uzito wako unasukuma mguu kuelekea bondeni, mpira unavutika, na chuma kinahama kutoka chini ya soli kwenda pembeni. Unakanyaga ukidhani meno yako chini, kumbe yako ubavuni mwa kiatu na wewe umesimama juu ya soli tupu. Mbele hakuna jino lolote la kuchomeka theluji inapokuwa ngumu na mteremko ukali. Tena haikupi dalili: inashika, inashika, inashika, halafu mara moja haishiki.

Sasa fikiria inatokea wapi. Njia ya kawaida ya Ben Nevis inaanzia bondeni Glen Nevis, karibu kabisa na usawa wa bahari, inapita karibu na kiziwa cha Lochan Meall an t-Suidhe kwenye mita 570 hivi, inavuka kijito cha Red Burn, kisha inapanda kwa zigizaga hadi kwenye uwanda wa juu. Kiangazi zigizaga ni njia pana ya mawe. Februari mara nyingi hakuna zigizaga. Theluji imefukia kona zote na kilichobaki ni ubavu mmoja laini ulioinama kutoka juu hadi chini. Ukianguka hapo hukai kitako ukasimama. Suruali na jaketi za nailoni zinateleza kwenye theluji ngumu kama sabuni kwenye bati, na chini yako kuna mawe.

Hapo ndipo Kilimanjaro inapowadanganya, na nawaambia kwa heshima, maana kufika Uhuru si mchezo. Kilimanjaro ni mita 5,895, Ben Nevis ni 1,345, kwa hiyo mtu anaona amepewa kilima. Lakini adui wa Kilimanjaro ni hewa nyepesi. Chini ya miguu, kwenye njia za kawaida, unakanyaga kokoto na vumbi la volkeno. Ukiteleza unakaa chini na kokoto zinakushika. Una kiongozi aliyepita hapo mara mia na wapagazi waliobeba chakula. Uskoti hewa ipo tele, hakuna atakayeumwa kichwa kwa sababu ya kimo. Kinachokusubiri ni unyevu wa bahari ya Atlantiki: leo mvua inaloweka theluji mpaka inakuwa uji, usiku baridi inarudi na ule uji unaganda kuwa kitu kigumu kama sakafu. Wiki moja inaweza kurudia hivyo mara mbili tatu. Halafu njia yenyewe, kwa kuwa watu wengi wameikanyaga, ndiyo inayoganda zaidi kuliko theluji ya pembeni.

Turudi kwenye buti, kwa sababu hata ukinisikiliza ukaachana na minyororo ukanunua kramponi, bado unaweza kuharibu. Kramponi ni fremu ya chuma yenye meno 10 au 12, mawili yametokeza mbele, inayofungwa chini ya buti. Zimepangwa kwa daraja: C1 za kamba, C2 zenye kibano kisigino, C3 zenye kibano nyuma na chuma mbele. Buti nazo zina daraja: B0 haifai kramponi yoyote, B1 inachukua C1, B2 inachukua C1 na C2, B3 inachukua zote. Buti za Kilimanjaro, hata za ngozi, hata za bei kali, karibu zote ni B0. Kupima ni rahisi: shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, kunja kwa nguvu. Ikipinda katikati kama ndala, hiyo ni B0, na hakuna maelezo ya muuzaji yatakayoibadilisha.

Hili naliandika kwa uchungu. Mimi niliuzwa kramponi za kamba kwa ajili ya buti laini na mtu aliyezifunga mbele yangu dukani, akatikisa kiatu, akasema zinaingia bila shida. Zinaingia! Hakuna buti isiyoingia kwenye kramponi za kamba ukikaza vya kutosha. Swali si kuingia, swali ni kubaki. Buti laini inapinda kila unapopiga hatua na chuma hakipindi. Kisigino kinainuka, kamba inalegea kidogo, hatua inayofuata inalegea tena, na baada ya saa moja kramponi inaning'inia kifundoni huku umesimama mahali ambapo huwezi kuinama. Au kipande cha chuma kinachounganisha mbele na nyuma kinachoka kwa kukunjwa hadi kinakatika. Mtu anayeuza vifaa vya mlimani anayajua haya. Kumwuzia mgeni pea isiyofaa ili tu asitoke mkono mtupu ni kucheza na roho yake, na nimechoka kuona ushauri ule ule ukirudiwa kwenye majukwaa na watu waliopanda mara moja siku ya jua: "Buti yoyote inafaa, ni kilima tu."

Kwa hiyo msinunue, kodini. Fort William kuna maduka yanayokodisha buti za B2, kramponi na shoka la barafu, na Februari ni msimu, hivyo wekeni nafasi mapema. Wanne, seti nne. Msigawane, mmoja kramponi mwingine shoka. Buti jaribu na soksi nene utakazovaa. Kramponi irekebishwe hapo hapo kwa buti ile ile: iweke bila kufunga kamba, inua buti, itikise. Inatakiwa ibaki yenyewe kwa kubana tu. Meno mawili ya mbele yatokeze nje ya ncha ya buti, yasijifiche chini yake. Angalia pia kama ina sahani za plastiki upande wa chini. Theluji ya Uskoti ni ya maji na hujikusanya kati ya meno hadi unatembea juu ya donge kama umevaa viatu vya mchuchumio. Zile plastiki ndizo zinazolizuia, na likijikusanya hata hivyo, gonga ubavu wa buti kwa mpini wa shoka.

Na sasa kanuni yenyewe. Ukisahau mengine yote niliyoandika, shika hii: vaa kramponi ukiwa bado huzihitaji. Ukiwa tambarare, umesimama kwa raha, umekula kitu, mnatazamana. Si pale unapoanza kuteleza. Tazama inavyokuwa kwa anayechelewa: yuko katikati ya ubavu, mteremko uko kulia kwake. Anatakiwa avue begi, na begi likiwekwa kwenye theluji hiyo linaondoka peke yake. Anatakiwa asimame kwa mguu mmoja kwenye soli ambayo ndiyo imemshinda. Anatakiwa avue glavu ili ashike kamba nyembamba, na dakika moja ya upepo wa huko inatosha vidole visisikie kama vimeshika kamba au havijashika. Anapitisha kamba kwenye pete, inatoka, anapitisha tena. Kila kitu ambacho nyumbani ni dakika mbili, hapo hakiwezekani.

Kipimo ni hiki: piga teke theluji kwa ncha ya buti. Ikiingia nusu ya buti, endelea na mguu wako. Ikikwaruza tu, simama, mahali pa kwanza palipo tambarare, vaa. Wasiwasi ukija kabla ya kipimo, vaa. Kwenye njia hii uamuzi huo mara nyingi unatakiwa usizidi eneo la kuvuka Red Burn, kabla zigizaga hazijaanza, ingawa kuna wiki theluji ngumu inaanza chini zaidi. Mwenzenu akisema "tusubiri kidogo mbele", huyo ndiye wa kwanza kuvaa.

Nyumbani fanyeni mazoezi ya kuvaa mkiwa na glavu mikononi na taa imezimwa, taa ya kichwani tu. Ukizidi dakika tano bado hujaweza. Ukishavaa, tembea miguu ikiwa imeachana kidogo, maana jino la mguu mmoja likinasa suruali ya mwingine unaanguka mwenyewe bila kusukumwa. Kanyaga kwa soli nzima ili meno yote ya chini yaingie. Na usiteleze kwa makalio kuteremka ukiwa nazo, hata ukiona wengine wanafanya kwenye bonde la Red Burn; jino likinasa, kifundo kinavunjika.

Shoka linatoka begini wakati ule ule kramponi zinapovaliwa, liwe mkono wa upande wa mlima. La kutembea sentimita 50 hadi 60 linatosha. Fimbo za kutembelea hazitakusimamisha. Ukianguka: jigeuze tumbo chini, mkono mmoja kichwani mwa shoka karibu na bega, mwingine mwisho wa mpini, lala juu yake kwa uzito wako wote, na inua miguu, kwa sababu meno ya kramponi yakigusa theluji ukiwa kwenye kasi yatakupindua. Hili halijifunzwi kwa kusoma. Tafuteni mteremko mfupi unaoishia tambarare bila mawe, vueni kramponi, vaeni helmeti, mjiangushe mara 20, kichwa mbele na mgongo chini pia. Glenmore Lodge, karibu na Aviemore, wanafundisha kozi za majira ya baridi. Ningekuwa nyinyi, wikiendi hiyo ya kwanza ningeitumia hivyo.

Juu kabisa kuna jambo moja linalohitaji namba. Uwanda wa kilele ni mpana, mweupe, na ukungu ukishuka hujui ardhi inaishia wapi. Kaskazini ni magenge, na ukingoni theluji inajenga kingo zinazoning'inia hewani. Ukizikanyaga hazina kitu chini. Kushuka, kutoka kwenye nguzo ya wapima ardhi fuata dira nyuzi 231 kwa mita 150, kisha geuka nyuzi 282 mpaka ufike juu ya zigizaga. Ukifupisha ile 150, kulia kwako kuna mdomo wa korongo la Gardyloo Gully. Ukipotelea kushoto unaingia korongo la Five Finger Gully, na huko kumeshapoteza wengi. Namba hizo ni za gridi ya ramani. Tofauti kati ya kaskazini ya dira na ya ramani siku hizi ni ndogo, isome kwenye ramani yako. Hesabuni hatua kabla, mjue mita 100 kwenye theluji ni hatua ngapi za kila mmoja. Simu ni ya akiba tu, baridi inakula betri na kioo hakisikii glavu.

Saa: njia ni kilomita 17 hivi kwenda na kurudi. Katikati ya Februari jua linachomoza saa 1 na dakika 50 hivi asubuhi na kuzama kabla ya saa 11 na nusu jioni. Anzeni kukipambazuka, taa kichwani kila mtu, na saa 7 mchana popote mlipo mnageuka. Jioni ya kuamkia safari someni utabiri wa Mountain Weather Information Service na wa maporomoko ya theluji wa Scottish Avalanche Information Service, eneo la Lochaber. Upepo wa kilele ukitajwa kilomita 65 kwa saa, mtayumba. Ukikaribia 100, hamtembei, bakini bondeni. Dharura ni 999, omba polisi, kisha uokoaji wa milimani.

Kabla hamjaweka nafasi ya chochote, leo usiku kunjeni buti zote nne mtuletee hapa picha, ubavuni, zikiwa zimekunjwa, na namba ya daraja kama imeandikwa ndani ya ulimi. Nitawaambia moja moja ipi inabaki nyumbani.