Atticus Finch na mzee Lee

Mkuu umeuliza kama yule wakili Atticus Finch wa ile riwaya ya To Kill a Mockingbird alikuwepo kweli. Alikuwepo nusu nusu aisee, mwandishi wake Harper Lee alimchukulia kwa baba ake mzazi, Amasa Coleman Lee, wakili wa Monroeville kule Alabama, Marekani, ila ukiwaweka pamoja ndo utaona tofauti. Atticus anapewa kesi ya jamaa mweusi aliyesingiziwa ubakaji, anapambana kortini mpaka mwisho, anashindwa, lakini heshima yake iko palepale. Sasa mzee Lee, mwaka 1919 alitetea weusi wawili, baba na mwanae, kesi ya mauaji, wakanyongwa wote, na toka hapo hakugusa tena kesi ya jinai, akabaki na mambo ya hati za ardhi, gazeti la mji wao na ubunge kwenye bunge la jimbo la Alabama. Mi huyu ndo ananigusa zaidi, maana kwenye riwaya hiyo Atticus hatumwoni akizeeka na ule mzigo.

Halafu kuna ile saa ya mfukoni ya mzee, Harper alimpa Gregory Peck aliyeigiza Atticus kwenye filamu, na usiku anachukua Oscar 1963 alikuwa nayo. Mzee mwenyewe alishafariki 1962.