Arosto ya unga, gongo na Valium: ipi ya hatari zaidi?
Dada, pole sana. Umeuliza kama mnaweza kumfungia kaka yako ndani aache unga (heroini) na gongo kwa mpigo, na arosto, yaani mateso ya mwili ukikosa kilevi ulichozoea, ipi ni mbaya zaidi. Tafadhali msimfungie.

Ya unga ndiyo inayotisha machoni: makamasi na machozi yanachuruzika, miayo haikatiki, vinyweleo vimemsimama huku jasho linamtoka, anatapika na kuharisha. Huanza ndani ya saa 24 tangu kete ya mwisho na kuwa kali siku ya pili na ya tatu. Ni mateso ya kweli, ila akipata maji ya kutosha kwa kawaida haiui.

Gongo ndiyo inayonitia hofu. Mlevi wa kila siku akikata ghafla, mikono hutetemeka, na ndani ya siku mbili anaweza kupata degedege, kisha aone vitu visivyokuwepo na asijue hata alipo. Hiyo inaua. Valium, ile dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, nayo ni vivyo hivyo, ila arosto yake inaweza kuchelewa hata wiki, kwa hiyo muulizeni kama anaimeza pia.

Mpelekeni hospitali, na mtaje vyote anavyotumia. Muhimbili walianza kutoa methadoni, dawa ya kumeza badala ya unga ili kuzuia arosto, mwaka 2011; mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, na ikichanganywa na pombe ni hatari. Akikaa wiki bila unga halafu akarudia kipimo chake cha zamani, anaweza kukata pumzi hapo hapo, maana mwili haukihimili tena.